Karai Kutoka Mkononi mwa Mkwe

Mwanangu, kuna asubuhi moja sitaisahau mpaka naingia kaburini. Kilikuwa kiangazi, hapa hapa Unyambwa, upepo unatutia vumbi machoni, na mume wangu Selemani akaiacha kazi ya serikali aliyokuwa ameisubiri kwa hamu. Aliiacha kwa sababu ya mama yangu mzazi. Subiri kwanza, usicheke.

Selemani alikuwa kibarua katika kiwanda cha kukamua alizeti kule mjini. Kiwanda kikafungwa, akarudi nyumbani na nguo zake kwenye mfuko wa rambo. Mwanamume asiye na kazi anaichosha nyumba, lakini anayechoka zaidi ni yeye mwenyewe. Alikuwa haongei. Zainabu wetu alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, na uji wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Niliumia, mwanangu, niliumia sana.

Ndipo serikali ikaleta mradi wa kuchimba lambo la kukingia maji ya mvua. Wasio na kazi wachimbe kiangazi, walipwe ujira, na watakaoonyesha bidii wapelekwe kujifunza ufundi. Selemani akachaguliwa. Siku hiyo alicheka, na mimi nilikuwa nimeshasahau anavyocheka.

Sasa, kuchimba lambo ni hivi: udongo unajazwa kwenye karai, na makarai yanapita mkono kwa mkono mpaka ukingoni. Msimamizi, kijana mpole aliyetoka mkoa mwingine, akawapanga mstari. Akamweka Selemani ubavuni mwa mama yangu, maana mama naye alichaguliwa kwa ujane wake. Weee! Kwetu wakati ule mwanamume hapokei kitu mkononi mwa mama mkwe. Hata maji ya kunywa hupitia kwa mtoto. Yule kijana hakuwa na kosa. Kwao labda mkwe ni mtu wa kukaa naye sebuleni mkaangalia televisheni.

Selemani angesema, angehamishwa. Lakini kumtaja mkwe mbele ya watu nako ni kukosa adabu. Akageuka, akaondoka kimya, macho chini. Msimamizi akadhani ni mvivu, akatangaza kwamba asipoonekana kesho nafasi yake atapewa mwingine. Na waliokuwa wakiimezea mate walikuwepo, tena wengi.

Jioni nilimbembeleza mpaka nikalia. Akanijibu, "Mama Zainabu, bora njaa kuliko kumvunjia mama yako heshima." Ungemwambia nini mtu kama huyo? Angekuwa mkorofi ningemgombeza.

Nikaenda kwa mama. Alinisikiliza huku anachambua mlenda, mwisho akauliza, "Mjukuu wangu amekula nini leo?" Nikamwambia uji, tena mwepesi. "Haya. Mwambie mumeo kesho aje lamboni. Mwambie ni mimi ninayemwita." Na mkwe akikuita, mwanangu, huna pa kukimbilia.

Kesho yake alikuja, akasimama kando. Mama akatoka kwenye mstari na karai lililojaa udongo, akamfuata mpaka mbele yake. Majembe yakasimama.

"Mkwe wangu, pokea," akasema. "Heshima yako nimeiona, na imenitosha. Ila mjukuu wangu hashibi heshima."

Selemani akapiga goti, akapokea kwa mikono miwili, machozi yanamtoka mbele ya kijiji kizima na wala hakuyafuta. Msimamizi alipoelezwa mambo, aliona haya, akataka kumhamisha. Mama akamzuia, "Muache hapo hapo, baba. Mimi nimeshamruhusu."

Lambo likaisha. Selemani akapelekwa kujifunza uashi, na nyumba kadhaa pale Mandewa amezijenga yeye. Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho, wanawe wa kiume wakiwa mbali, mkwewe ndiye aliyemwinua kitandani na kumnywesha dawa.

Basi wewe uliyekaa barazani na cheti chako, nisikilize. Kukosa kazi si dhambi. Serikali ikifungua mafunzo, ikitangaza uanagenzi, nenda, maana mchagua jembe si mkulima. Na kama kuna kinachokuzuia, iwe mila, iwe haya, iwe hata viatu vibovu, sema! Waliopanga mradi wana nia njema, lakini hawakulala nyumbani kwako. Mdomo ukiwa mzito, tafuta mkubwa akusemee, ndiyo kazi iliyotubakia sisi wazee. Ukiondoka kimya utaitwa mvivu, na njaa haiulizi kama uliondoka kwa sababu nzuri au mbaya.

Mungu akupe kazi ya kukuchosha, mwanangu, na jioni akupe usingizi wa mtu aliyechoka kwa halali. Amina.