Risasi kwenye Pindo la Pazia

Kwa miaka mingi Mama Pazia alijua presha yake inatoka wapi: kwa mumewe. Mwanamke hali chumvi, hana kitambi, kutwa yuko kwenye cherehani anashona mapazia. Itoke wapi tena? "Wewe ndiye utakayenizika," humwambia. Na mzee wa watu, baridi kama maji ya mtungini, huomba msamaha bila kujua kosa.

Sasa siku hiyo kliniki akampata daktari mpya, binti mwenye maswali kama karani wa sensa. Akamuuliza utotoni aliishi vipi.

"Uani kwa baba, fundi betri. Akishazipasua, anayeyusha madini ya risasi yaliyomo kwenye sufuria, sisi watoto tunapuliza moto. Moshi ndio uliotulea!" Akacheka peke yake.

Daktari alimweleza taratibu: risasi ikimwingia mtoto hujificha mifupani, na ukubwani huenda ikapandisha presha. "Siku hizi unaishika tena, mama?"

Loo! Mama Pazia akaziba mdomo. Mapazia yake husifiwa kwa kuning'inia vizuri, na siri ni vipande vya risasi alivyoachiwa na baba. Huvitia kwenye pindo liwe zito, akavibana kwa meno. Nani atafute koleo na meno anayo? Na chini ya cherehani hukaa mjukuu wake, kasuku wa bibi, naye anabana vyake.

Hakuaga. Alifika nyumbani anahema, akamkuta mtoto shavu limetuna.

"Tema! Tema, mama yangu!"

Mtoto akatema kipande, akacheka, akatema cha pili. Bibi akaketi sakafuni akalia.

Mtoto akapimwa damu. Wakingoja majibu, Mama Pazia hakushona hata foronya. Kopo la risasi alilipeleka kwa daktari, na mumewe akaleta vipande vya chuma badala yake, pamoja na koleo.

Majibu yakatoka: risasi imo, lakini kidogo. "Mmewahi," daktari alisema. "Asiiguse tena, na tutampima tena."

Jioni hiyo mume akakohoa kidogo. "Kwa hiyo, mke wangu, presha si mimi?"

"Umeachiwa kwa dhamana," akajibu, akameza kidonge chake, akarudi kwenye cherehani. Roho ilikuwa nyeupe, mkono mwepesi. Alipofika mwisho wa pindo akainama akate uzi kwa meno, kama kawaida yake.

Kutoka chini ya cherehani sauti ndogo ikapiga kelele: "Tema, bibi! Tema, mama yangu!"

Akatema.