Mgonjwa wa Alhamisi

Kule kwetu Kagio, mtu akionekana anaenda Nyeri kila wiki na bahasha kubwa ya kaki kwapani, hakuna haja ya kumwuliza anafuata nini. Nyeri kuna hospitali kubwa, na bahasha ya kaki ni ya picha za eksirei. Yangu ilikuwa na madaftari ya uhasibu. Niliichagua kwa sababu karatasi hazikunjiki ndani yake, wala sikujua kwamba kwa kuibeba nilikuwa najitangaza mgonjwa.

Nilikuwa nimejiandikisha kwa kozi ya cheti, uhasibu na usimamizi wa biashara, katika chuo kimoja kidogo kilicho juu ya duka la misumari na mabati mjini Nyeri. Darasa letu sisi tunaofanya kazi lilikuwa Alhamisi. Sikwenda kwa kupenda. Mimi ni karani wa ushirika wa wakulima wa nyanya, na wasimamizi wapya walikuwa wametuambia kwamba mikataba ikiisha, asiye na cheti asijisumbue kuomba tena. Miaka hiyo yote nilikuwa nimefanya kazi kwa mazoea. Sasa ilinibidi kuketi mbele ya mwalimu ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinajaribu kuota.

Sikumwambia mtu isipokuwa mume wangu, naye nilimwapisha. Kanisani mimi ndiye katibu wa chama cha akina mama, na watu huniita Mama Katibu hata sokoni. Barua ikitoka dayosisi, mimi ndiye ninayeisoma mbele ya wote. Mimi ndiye ninayeulizwa dawa hii imeandikwa inywewe vipi, na mtoto huyu achague masomo gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilisoma mpaka wapi. Walidhani ni mbali, nami sikuona sababu ya kuwasumbua na habari nyingine. Nilipowaza kwamba watasikia Mama Katibu anasomea cheti, kile ambacho watoto wao huchukua wakikosa alama za chuo kikuu, uso uliniwaka nikiwa peke yangu jikoni.

Darasani walikuwa vijana watupu, na waliniita mathe, yaani mama kwa lugha yao. Hawakuwa wabaya. Waliniachia kiti cha mbele penye mwanga, na nikichelewa kunakili ubaoni mmoja wao aliupiga picha kwa simu akanitumia. Wema huo uliniuma kuliko dharau. Siku ya jaribio la kwanza mwalimu alirudisha karatasi akiita majina kuanzia aliyepita vizuri kwenda chini, nami niliketi nikiwasikiliza wenzangu wakiisha mmoja mmoja. Mizania yangu ilikuwa imekataa kabisa kulingana. Msichana aliyekaa kando yangu aliinama akaninong'oneza, "Mathe, usijali, hata mimi last time ilinikataa." Ningependa zaidi anicheke.

Nikaanza kukonda. Saa ya chakula wenzangu waliposhuka kununua chipsi, mimi nilibaki juu nikirudia yale ya asubuhi, na nyumbani nilikuwa nikisoma huku sufuria ikiungua. Alhamisi moja mwanamke wa chama chetu alinikuta Sagana nikibadilisha gari. Nilimwambia naingia Nyeri mara moja. Aliitazama ile bahasha, akautazama uso wangu, kisha akanishika mkono kwa muda mrefu na kuniambia Mungu ni mwaminifu. Nilidhani ni salamu tu.

Baadaye nilijua kwamba hata mume wangu alikuwa amesimamishwa njiani akaulizwa hali yangu, naye akajibu kwamba ninaendelea, tunamshukuru Mungu. Nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka. Alisema hakudanganya, kwani si ninaendelea?

Jumamosi iliyofuata wakaja. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikifua niliposikia wimbo langoni, na nilipotokeza, chama kizima kilikuwa uani, vitambaa vya chama kichwani na vyondo mgongoni. Waliingia wakamimina mezani unga, sukari, maziwa na ndizi, na mmoja alikuwa ameleta blanketi jipya ambalo bado lilikuwa kwenye karatasi yake. Hakuna aliyeuliza ninaugua nini. Kwetu mgonjwa haulizwi, husubiriwa aseme mwenyewe akitaka. Nilifungua mdomo niseme, lakini mwenyekiti wetu, mama wa umri wa mama yangu, alinigusa bega akaniambia nisiongee, nitajichosha. Nikanyamaza. Si kwamba nilizuiwa. Kunyamaza kulikuwa rahisi, basi.

Waliniwekea mikono wakaomba. Walimwambia Mungu nilivyo na maana kwao, kwamba nani atawasomea barua nikiondoka, na mmoja akalia. Mimi pia nililia, nao wakafikiri ni maumivu. Walipokuwa wanaondoka nilishika nyanya na maharagwe nikaanza kutia ndani ya kila kiondo, maana kiondo kilicholetwa na chakula hakirudi kwa mwenyewe kikiwa kitupu. Walikataa. Walisema mgonjwa hasumbuliwi na mambo hayo. Nilivutana nao mpaka langoni, na nadhani nyanya zile ndizo kitu pekee cha kweli nilichowapa siku hiyo.

Jirani yangu aliyaona yote kutoka upande wake wa ua. Ni mke wa polisi aliyehamishiwa kwetu kutoka magharibi, si wa kanisa letu, na hana ndugu wa karibu wa kumtembelea. Kesho yake baada ya ibada alinikuta nikianika nguo, akasimama pale akishika kamba kana kwamba naye ana kitu cha kuanika.

"Jirani, nimeona wamama wakikuja kwako jana," alisema. "Basi wacha nikwambie, kwa sababu wewe unaelewa. Mimi pia niko na kitu hapa kwa titi. Waliniandikia niende Nyeri, nikaogopa, nikakaa tu. Lakini nimekuwa nikikuona ukienda na ukirudi. Nikasema, kumbe watu hurudi."

Niseme nini? Nilimwambia twende pamoja Alhamisi. Nilijiambia kwamba nikimweleza ukweli nitamvunja moyo, hatakwenda tena. Hilo lilikuwa kweli. Kweli pia ni kwamba sikutaka ajue. Na Alhamisi hiyo ndiyo tuliyokuwa tumepangiwa mtihani wa mwisho wa muhula.

Hesabu yangu ilikuwa nimfikishe langoni mwa hospitali, nimwonyeshe pa kuingilia, kisha nikimbie chuoni. Lakini tulipofika langoni alinishika mkono wa sweta na hakuuachilia. Tukaingia. Ndani, kwenye kliniki aliyoandikiwa, kulikuwa na meza na katoni juu yake, na muuguzi akatuambia kila mtu atie kadi yake humo kwa kufuata alivyofika. Jirani yangu alitia yake, kisha akasogea kando kunipa nafasi.

"Weka yako," akasema.

Nilikuwa nimeikumbatia bahasha yangu. Nyuma yetu watu walikuwa wakisubiri, na muuguzi alinitazama akitaka niharakishe. Nilimwambia jirani yangu kwamba sina kadi. Akauliza kama nimeisahau, akaanza hata kumweleza muuguzi kwamba mimi ni wa kila wiki, hapa wananijua.

"Mimi si mgonjwa," nikasema. "Nasoma chuo, hapo mjini. Niko na mtihani saa tano."

Tulikaa kwenye benchi. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake, nami nikatazama vyangu. Sijui kama nilitarajia akasirike au ainuke aende zake. Nilikuwa tayari kwa lolote isipokuwa lile alilosema, tena bila kunipandishia sauti.

"Yaani uliona afadhali ukuwe mgonjwa."

Mwanamke ambaye alikuwa amelala macho wazi akiogopa ugonjwa alikuwa ameketi kando ya mwanamke aliyeuvaa ugonjwa kama kanga ya kujifunika asionekane na kalamu mkononi. Nimewahi kuaibika maishani, ila siku hiyo nilijua kwamba zile aibu nyingine zilikuwa mzaha.

Baada ya muda aliniambia niende nifanye mtihani wangu, yeye ataweza. Sikwenda. Ningependa kusema nilibaki kwa upendo, na upendo ulikuwepo, lakini pia miguu ilikataa. Niliogopa kwamba nikitoka mlango huo, naye atatoka nyuma yangu arudi Kagio na uvimbe wake. Saa tano ilifika nikiiona kwenye saa ya ukutani. Nilifikiria vijana wangu wakigeuza karatasi, na yule msichana akikitazama kiti cha mbele. Jina la jirani yangu lilipoitwa alinipa mkoba wake nimshikie, na nikaushika kwa mikono miwili mpaka aliporudi. Walikuwa wametoa kinyama kidogo cha kupimwa. Tulipofika Sagana alinunua muhindi wa kuchoma, akauvunja na kunipa nusu.

Ulikuwa ugonjwa wenyewe, ule tusiopenda kuutaja, lakini daktari alisema umepatikana mapema. Jirani yangu akaanza matibabu. Chuoni niliambiwa nitarudia mtihani muhula ujao.

Mkutano wa chama ulipofika, nilisoma kumbukumbu kama kawaida, na tulipofika kwa mengineyo nikasema tuna jirani mgonjwa, si wa kanisa letu lakini hana mtu, na ingekuwa vizuri tumwone. Wote walikubali. Mwenyekiti akaniuliza, na wewe je, Mama Katibu? Hapo Mungu alikuwa amenifungulia mlango wazi kabisa. Nikasema nimepona. Wakapiga makofi, mmoja akapiga vigelegele, nami kwa mkono wangu mwenyewe nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba katibu amepona na wanachama wamemshukuru Mungu.

Tulikwenda kwa jirani na vyondo vyetu. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, amedhoofika, lakini alikuwa amechemsha chai na kuazima vikombe kwangu. Tulijibana kwenye makochi. Nilikaa karibu naye, maana mimi ndiye niliyemfahamu. Kabla ya maombi, mwenyekiti alimwuliza kama kuna jambo angependa liombewe.

"Mniombee nguvu," akasema. "Na huyu jirani yangu pia mumuombee. Alikosa mtihani yake akinishikia mkoba, na sasa atarudia."

Mwenyekiti alinigeukia polepole.

"Mtihani gani, Mama Katibu?"

Nilimtazama jirani yangu nikidhani nitaona kisasi usoni mwake, na hata ningekiona ningekubali ni haki yake. Hakikuwepo. Alikuwa amesogea kidogo kwenye kochi, vile alivyosogea siku ile mbele ya katoni la kadi, kunipa nafasi.

"Ya uhasibu," nikasema. "Ya cheti. Nilikuwa naenda kusoma, sikuwa mgonjwa hata siku moja. Na hata hilo somo linanishinda."

Hakuna aliyecheka. Mwenye blanketi aliinamia kikombe chake. Mwenyekiti alinitazama muda mrefu hadi nikatamani anitukane tuyamalize, kisha akaniambia nipige magoti pale kando ya mgonjwa. Nikapiga. Wakaanzisha wimbo uleule waliouimba nyumbani kwangu, na mikono ileile ikashuka kichwani pangu, na safari hii nilisikia uzito wa kila mmoja. Mwenyekiti alifumba macho. Akamwambia Mungu mbele ya watu wote kwamba huyu mtoto wake hajui hesabu, na kwamba alikuwa anaona haya kutuambia.