Kuku Nyeupe za Kambo

Juzi, rafiki yangu, nilipita soko ya Nchelenge, nikaona kuku nyeupe zimejaa kwenye kibanda cha waya. Mara shingo yangu ikainuka yenyewe, macho yakatafuta mwewe. Mimi mutu muzima, na mvi zangu. Nikajicheka, lakini moyo ulikuwa umekwisha kushituka.

Miaka ile ya hamsini kuku zetu za ukingo wa ziwa Mweru zilikuwa za madoadoa, zingine shingo tupu, mbaya kuangalia. Lakini zilitaga, ziliatamia, zililea. Kambo, mama ya baba, alizionea haya. Siku moja mufanya biashara wa ng'ambo, upande wa Congo, akamuletea jogoo nyeupe pe, mukia wa kuinama. Kambo akaipenda kuliko sisi wajukuu. Tangu hapo kila mugeni alichinjiwa ya madoa, ili rangi isirudi. "Lupango yangu, uwanja huu wote, itakuwa nyeupe kama kitambaa cha meza ya kanisa," alisema. Watu walitoka mpaka Puta kuja kuangalia, naye akajifunga kilemba kipya.

Wakati ule baba alikuwa kwenye migodi ya shaba, na mama alikuwa amejifungua, maziwa kidogo. Samaki ya moshi tulikuwa nayo. Unga wa muhogo uliletwa na wanawake wa Mwansabombwe, nao walibadilisha na kuku tu.

Mwewe naye alitaka kuku. Kifaranga cha madoa kikilala kwenye majani makavu hukioni. Cheupe kinaonekana toka katikati ya ziwa. Nilipewa kazi ya kugonga debe kumufukuza. Ee, niliogopa kile kivuli kikipita juu ya muchanga! Niliogopa kwamba kikimaliza vifaranga kitamufuata mutoto wetu pale kwenye mukeka. Sikumwambia mutu.

Mitetea nyeupe ilitaga kidogo na kuacha mayai yapoe. Wanawake wa unga walipofika, mukubwa wao akaangalia lupango yote.

"Mama, hizi ni za macho. Mwewe atazimaliza. Nipe ile."

Alionyesha shingo tupu ya mwisho, imelalia mayai. Ndani ya nyumba unga ulikuwa wa siku ile tu. Nilijua: tukiitoa, tutakula sasa, halafu basi.

Kambo akakamata jogoo yake, akaifunga miguu yeye mwenyewe. "Hii ni nyama," akasema. "Ile yangu inalea."

Unga ulipoingia ndani, akaniambia nilete sufuria ya bukari, ugali wetu. Akafungua kilemba kipya, akapangusia masizi yote ya chini, akapaka vifaranga vyeupe kimoja kimoja, mpaka vikawa vyeusi. "Uzuri haujazi sufuria, mutoto," akasema, bila kuniangalia.

Yule mutoto wa mukeka sasa ana wajukuu. Juzi pale sokoni nilimuuliza muuzaji kama ana kuku ya shingo tupu. Akacheka, akasema nani leo anataka kuku mbaya hivyo.

Niliangalia juu tena.