Mahindi Yaliyokosa Pumzi

Nakumbuka asubuhi moja pale Golbanti, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka damu hunichemka. Mto ulikuwa umefurika kisha ukarudi kwenye kingo zake, lakini maji yalibaki yamesimama mashambani. Mahindi yakaanza kugeuka manjano. Na watu, badala ya kutazama chini, wakamtazama Habona, mjane asiye na mtoto, ambaye mpunga wake, kando ya mahindi hayo, ulikuwa umestawi kijani kibichi.

"Ametuulia mahindi kwa uchawi," jirani yake Komora akasema. Vijana wakamfuata hadi mlangoni kwa mama yule, wana mapanga na kibiriti. Lisemwalo lipo, walisema. Methali njema hiyo, lakini mdomoni mwa mpumbavu huwa kisu.

Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa sayansi, nimekuja nyumbani likizo. Niliingia shambani kwa Komora, nikang'oa mmea mmoja wa mahindi, nikarudi nao mbio. Mizizi ilikuwa myeusi, inanuka. Nikamsogezea Komora puani.

"Nusa! Huu ni uchawi au ni kuoza?"

"Dada, hayo ni mambo ya darasani. Jua lipo, maji yapo. Mbona yafe?"

Nikamjibu mbele ya wote. Jani huchukua mwanga wa jua, maji, na ile hewa tunayoitoa puani, likatengeneza sukari. Ndiyo usanisinuru. Lakini kuwa na chakula si kuwa na nguvu. Kila seli ya mmea, kama za mwili wako, huivunja sukari hiyo kwa msaada wa oksijeni ndipo ipate nguvu ya kutosha. Mizizi haioni jua. Sukari huletewa kutoka juu, na oksijeni huipata katika vinafasi vya udongo. Maji yakivijaza na kukaa, mizizi hukosa pumzi, haiwezi tena kulisha jani. Mpunga una vijitundu shinani vya kushushia hewa mizizini. Habona hakuroga mtu. Alipanda mpunga tu!

Mzee Jillo, mkubwa wa kijiji, akauliza polepole, "Na mfereji wa kutoa maji, nani ameuziba?"

Komora akainamisha kichwa. Alikuwa ameweka tuta mferejini ili avue kambare walionaswa. Nyani haoni kundule!

Tuta likabomolewa siku ile ile. Mahindi ya sehemu za juu yakapona, ya bondeni yakafa. Lakini hakuna aliyemwomba Habona radhi, mwanangu. Hata mmoja! Alihamia Garsen kwa dada yake, na shamba lake hakulirudia tena.

Na sasa nasikia ninyi mliosoma, mnaojua seli ni nini kunishinda mimi, mnanong'ona juu ya bibi mmoja wa Chara eti kanyausha migomba. Hamna haya? Elimu ya kujibia mtihani tu ni mzigo wa punda. Mmea ukiugua, chimba uone mizizi. Mnyonge akisingiziwa, sema siku hiyo hiyo, maana radhi ya kesho haimrudishi aliyekwisha kuhama.

Mungu akupe jicho la kuchunguza na kifua cha kusimamia kweli. Ardhi ikuzalie, na uzee wako ukute watu wenye huruma.