Mlima Ukijifunika, Chomoa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa taipureta. Nilishuka kwenye basi pale Msamvu asubuhi nikiwa na begi moja na cheti cha ufundi wa kompyuta, nikaenda kwa miguu hadi kwenye chuo cha kilimo kilichokuwa chini ya safu ya milima ya Uluguru, nikaripoti kwa Mhandisi wa Chuo. Alikuwa ameinamia ramani ya mabomba ya maji. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Mchapaji mpya? Mashine iko chumba cha pili. Herufi k inanata, uivumilie."

"Mimi si mchapaji, Mhandisi. Ni fundi wa kompyuta. Nimeletwa kujenga mtandao."

Hapo akaniangalia. "Mtandao," alisema, kama mtu anayeonja chakula asichokijua. "Basi anza na hiyo k. Ukiiweza, tutazungumza."

Niliiweza kabla ya saa sita mchana, na mazungumzo yakaanza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kipindi ambacho watu walikiita cha ruksa. Miaka michache kabla ya hapo, taasisi ya umma ilisubiri kifaa chake kutoka kwa shirika moja la ugavi hadi ikasahau kwamba ilikwisha kukiomba. Sasa wafanyabiashara walileta kompyuta kutoka kila upande, na chuo chetu kilikuwa nazo kumi na saba, zilizonunuliwa kwa vipindi tofauti kutoka kwa watu tofauti, wala hakuna mbili zilizofanana ndani. Kila moja ilikaa mezani peke yake. Mhadhiri aliyetaka kupeleka alama za wanafunzi kwa Msajili alizinakili kwenye disketi, akaiweka mfukoni, akavuka uwanja. Disketi zilipotea, zilikunjwa, zilifuliwa pamoja na mashati.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na niliamini jambo ambalo bado naliamini: kwamba alama ya mtoto wa mkulima haipaswi kutegemea mfuko wa shati la mtu. Kwangu mimi mtandao haukuwa kifaa tu. Ulikuwa njia ya kutenda haki.

Vijana wa leo wanaounganisha mashine bila waya huenda wakashangaa tulivyofanya kazi. Tulitumia kebo moja nyeusi, nene kama kidole cha mwisho, yenye waya wa shaba katikati. Kebo hiyo ilipita ofisi hadi ofisi, na kila ilipofika kwenye kompyuta ilikatwa, ncha zake mbili zikaunganishwa tena kwa kiungio cha chuma chenye umbo la herufi T. Mguu wa T uliingia kwenye kompyuta, mikono yake ikashika kebo huku na huku. Kwenye miisho miwili ya kebo nzima tulifunga vizibo vidogo. Hivyo vilimeza mawimbi ya umeme yaliyofika mwisho, ili yasirudi nyuma kama mwangwi na kuvuruga yanayokuja. Ubora wa mfumo ule ulikuwa unafuu wake. Ubaya wake ulikuwa kwamba kebo ikiachana mahali popote, hata kwa upana wa ukucha, wote walikuwa wamekatika.

Nilipima majengo kwa futi kamba, nikachora mchoro kwenye karatasi ya miraba. Ugumu ulikuwa mmoja. Ofisi ya Mitihani ilikuwa kwenye jengo la peke yake, upande wa pili wa uwanja. Niliamua kuipitisha kebo hewani, juu ya nguzo nne za mti. Mhandisi aliutazama mchoro kwa muda mrefu.

"Hapa inatoka nje," alisema.

"Ni mita arobaini tu, Mhandisi. Urefu wote unaruhusiwa."

"Sikuuliza urefu. Nimesema inatoka nje." Kisha akatia sahihi, kwa sababu wiki ile alikuwa na pampu iliyokufa.

Tuliijenga kazi hiyo kati ya Juni na Agosti. Mlima ulikuwa wazi kila siku, ukionyesha mpaka mikunjo ya mashamba ya juu. Upimaji niliufanya kwa uangalifu niliofundishwa. Kwa mita ya fundi umeme, kebo nzima yenye vizibo vyote viwili lazima isome ukinzani wa omu ishirini na tano. Ikisoma hamsini, jua kizibo kimoja hakipo au kebo imeachana. Ilisoma ishirini na tano. Kisha nilizunguka kompyuta moja baada ya nyingine, nikituma faili na kulipokea, na mbele ya kila namba kwenye fomu nikaandika neno tulilolitumia mafundi wote: imekubali. Mara kumi na saba, imekubali. Nikatia sahihi chini.

Sahihi ile ilikuwa na uzito ambao sikuufikiria. Mkuu wa Chuo aliagiza kwamba, kwa kuwa mtandao umekabidhiwa, daftari la alama la Ofisi ya Mitihani lifungwe. Mwenye daftari hilo alikuwa Mzee Kobelo, karani wa mitihani, Mluguru wa milimani, aliyeandika alama za chuo kile kwa wino tangu nikiwa shule ya msingi. Kila mtu alijua kwamba serikali inapunguza wafanyakazi, na kwamba majina yanakusanywa.

"Kwa hiyo, Bi Mtandao, umekuja kunifukuza," aliniambia nilipokwenda kumfundisha kutumia kompyuta. Alikuwa akicheka, lakini alikuwa akinitazama.

"Sikuja kwa ajili hiyo, Mzee."

"Najua. Hata mvua haiji kwa ajili ya kubomoa nyumba. Haya, nionyeshe hiyo panya yako inavyotembea."

Alijifunza haraka kuliko wahadhiri wawili nisiowataja.

Mvua za vuli zilipoanza, mtandao ulianza kufa. Ulikufa mchana, mara nyingi kati ya saa nane na saa kumi, na nilipofika na mita yangu baada ya mvua ulikuwa mzima, ukisoma ishirini na tano kana kwamba nimeota. Fundi hachukii kifaa kilichoharibika. Anachukia kinachojiponya kabla hajakiona. Nilibadilisha viungio, nikapanda kwenye nguzo kutafuta maji ndani ya kebo, nikashindwa kulala. Mara ya nne, mhadhiri wa elimu ya udongo alikuwa katikati ya kuhifadhi alama za mwaka wa mwisho. Faili liliharibika, na alama za darasa zima zikapotea wiki mbili kabla ya kikao cha kuidhinisha matokeo.

Msajili aliniita ofisini kwa Mkuu wa Chuo. Mkuu hakuniuliza habari za kebo.

"Msajili amemwona Mzee Kobelo akishikashika hiyo waya, siku ileile ilipokatika," alisema. "Mzee anajua orodha inaandaliwa. Amehojiwa, anajibu kwamba amezima vyombo kama kawaida. Hii ni hujuma. Nataka taarifa yako ya kifundi kwa maandishi kabla ya kikao cha Ijumaa."

Msomaji kijana huenda asijue neno hujuma lilikuwa na sura gani kwetu. Watu walikuwa wamekwisha kuwekwa ndani kwa ajili yake. Mtu aliyepunguzwa kazi alikwenda kwao akiwa amepunguzwa. Mtu aliyeachishwa kwa hujuma hakuwa na pa kwenda kuomba kazi nyingine, na watoto wake walipita barabarani wakiwa na jina hilo.

Karatasi za majibu za wanafunzi zilikuwa bado stoo. Niliomba nizirejeshe alama mimi mwenyewe, na aliyejua karatasi zilipo ni mmoja tu. Hivyo nilikaa siku mbili na mtu niliyetakiwa kuandika taarifa dhidi yake. Yeye akisoma alama, mimi nikiandika. Nakiri kwamba nilikuwa nikiitazama mikono yake.

Siku ya pili, yapata saa nane, mwanga ulipungua chumbani. Mzee Kobelo alichungulia dirishani, akaweka karatasi chini, akainuka. Akachomoa plagi ya feni na ya kompyuta ukutani. Kisha, bila kujificha na bila haraka, akashika kiungio changu cha T, akazungusha robo, akavuta kebo ya kushoto. Akazungusha tena, akavuta ya kulia. Akaziweka ncha zote mbili juu ya kipande cha ubao mkavu, akarudi kuketi.

"Mzee," nilisema. "Unafanya nini?"

"Nachomoa. Huoni mlima umejifunika?"

Nilitazama. Uluguru haukuwapo. Wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye migomba ya chini.

"Wote wanachomoa umeme, Mzee. Kwa nini na kebo?"

Alinitazama kwa huruma ya mwalimu. "Binti, radi haiji kwa umeme peke yake. Kwetu juu hakuna hata umeme. Jirani yangu alikuwa na redio ya betri, akafunga waya wa antena kutoka dirishani mpaka kwenye mti. Radi ilipita kwenye waya huo, ikaingia ndani, redio ikapasuka kama boga. Waya wowote unaotoka nje, mlima ukijifunika, unachomolewa. Na huu wako unatoka nje." Akaonyesha nguzo zangu nne kwa kidevu. "Nailinda mashine ya serikali. Mvua ikipita narudishia, kama ulivyonifundisha. Au narudishia vibaya?"

"Hapana, Mzee. Unarudishia vizuri sana."

"Basi andika, tulikuwa namba ishirini na tatu."

Radi ya kwanza ilipiga mahali fulani juu ya bonde, na vioo vikatetemeka. Niliandika alama ya namba ishirini na tatu nikiwa najua mambo mawili. Kwanza, kwamba mzee aliyesomea shule ya misheni kwa miaka michache ameona katika mchoro wangu kosa ambalo chuo changu kizima hakikunifundisha kuliona: kebo ya shaba inayoning'inia hewani kati ya majengo mawili ni mwaliko kwa radi. Pili, kwamba nilikuwa nimeupima mtandao ule kiangazi, mlima ukiwa wazi, mashine moja moja, bila kumuuliza mtu yeyote anaishije na umeme wakati wa mvua. Nilikuwa nimepima waya. Sikuwa nimepima chuo.

Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, na barua ya kuthibitishwa kazini ilikuwa mezani kwa Mkuu huyohuyo. Sitajisifu kwamba sikulifikiria hilo. Nililifikiria usiku kucha. Taarifa ingeweza kusema ukweli na bado kuniacha salama: karani aliachanisha kebo kinyume na maelekezo. Kila neno lingekuwa kweli, isipokuwa hakukuwa na maelekezo.

Ijumaa nilisoma taarifa yangu mbele ya kikao. Nilieleza mlima, radi na kebo. Msajili alicheka kidogo.

"Kwa hiyo kosa ni la wingu?"

"Ni la mchoro," nilisema. "Mchoro ni wangu. Naomba kuiondoa sahihi yangu kwenye hati ya kukabidhi mtandao mpaka niupime upya wakati wa mvua."

Mkuu wa Chuo alizungusha kalamu. "Unaelewa unachokisema kuhusu kazi yako mwenyewe?"

"Naelewa."

Mhandisi alikohoa. "Nami nilitia sahihi mchoro huo," alisema. "Niliona inatoka nje. Andikeni na hilo."

Waliandika, na neno hujuma halikuingia kwenye kumbukumbu za kikao. Kuthibitishwa kwangu kuliahirishwa kwa miezi sita. Kebo tuliizika kwenye bomba chini ya uwanja na kuiunganisha na ardhi upande mmoja, maana ukiiunganisha pande zote mbili umeme wa ardhini hupita ndani yake kama maji kwenye mfereji. Kwenye kila meza nilionyesha jinsi ya kuvuta mguu wa T peke yake kutoka kwenye mashine, bila kuachanisha mikono yake: kompyuta inatoka, njia inabaki nzima. Mzee Kobelo alilielewa mara ya kwanza na akawafundisha wengine, akiwagombeza. Mwezi wa Novemba, mlima ulipojifunika, tulipiga kengele ya chuo na kumwacha kila mtu achomoe kama alivyozoea, nami nikasimama na mita yangu mwishoni mwa kebo. Kwenye fomu mpya sikuandika kwamba imekubali. Niliandika nilichokiona, saa, hali ya mawingu, na nani alikuwa amechomoa nini.

Nimeupitia utumishi wote baada ya hapo: mikoa mitatu, wakurugenzi watano, kebo nyeusi ikafuatwa na nyaya nyembamba, nazo zikafuatwa na mitambo isiyo na waya kabisa. Sasa nimestaafu, na vijana wanaponiuliza ni kifaa gani cha kupimia kilicho bora, nawaambia wakae siku mbili kwenye chumba cha mtu watakayemwachia kazi hiyo, wakifanya kazi yake. Wengine hudhani natania.

Orodha ya kupunguza wafanyakazi ilitoka mwaka uliofuata, na jina la Mzee Kobelo lilikuwamo. Daftari lilikuwa limefungwa, safari hii kwa haki, na mimi ndiye niliyelifunga. Alikuja ofisini kwangu na barua, akaniomba niisome, ingawa alijua kusoma kuliko mimi. Ilisema kwamba nafasi yake imeondolewa kutokana na mabadiliko ya muundo, na ikamshukuru kwa utumishi wake.

"Nimeisoma mara mbili," alisema. "Lile neno halimo."

"Halimo, Mzee."

Sikuiokoa kazi yake, na nimekwisha kuacha kujidanganya kwamba ningeweza. Aliikunja barua ile katika nne, akaitia ndani ya bahasha, akapanda kurudi kwao mlimani na kitu ambacho angeweza kuwasomea watoto wake kwa sauti.