Moto wa Kukazia Tari

Mtu akiniuliza muziki wa zama za kati unanukaje, namjibu: unanuka pazia. Mapazia ya bibi, ya mahameli nyekundu, yaliyotundikwa sebuleni kwetu Hamriya mpaka alipopata mapya, ndiyo tuliyoshonea majoho yetu mimi na binti wa khalati yangu, dada wa mama. Yana mikono mipana, unaweza kuficha mbuzi ndani. Ukivaa joho la mahameli Maskati wakati wa joto, ndani ya gari ambalo kiyoyozi chake kinapumua kama mgonjwa, unafahamu kwa nini watu wa zamani walikufa mapema.

Tulikuwa wawili tu. Mimi gambusi, lile dogo la nyuzi na tumbo la ngozi ambalo babu alikuja nalo kutoka Unguja na hakuna mtu aliyelitaka. Yeye tari na sauti. Tulianza kwa sababu ya simu: tuliona video za Wazungu wamekaa msituni, wamevaa kama wachawi, wanapiga nyimbo za masoko na ngome za karne zile za panga na farasi. Mwenzangu akasema, "Hebu tazama alichoshika yule. Si gambusi lile, limenenepa tu?" Tangu siku hiyo tukawa tunatunga zetu: za misafara, za mlinzi wa ngome anayesinzia, za binti wa sultani anayeumwa na jino. Maneno ya kizamani tulimwomba bibi. Alitupa yote isipokuwa yale matamu, akasema hayo ni ya watu walioolewa.

Ukisimulia inachekesha. Kuifanya kulikuwa kazi ya punda. Asubuhi skuli, mchana masomo ya ziada, na Ijumaa, watu wote wakishalala baada ya wali, sisi tuko stoo baina ya magunia ya mchele na friji bovu, tunarudia ubeti mmoja mpaka unakuwa kama jina la dawa. Halafu maonyesho yenyewe. Kwenye hoteli moja walituweka karibu na mlango wa choo. Kila ukifunguliwa, mashine ya kukaushia mikono inaingia kwenye wimbo, na kusema kweli ilishika sauti kuliko mimi. Kwenye sherehe ya mtoto, mwenye sherehe yake alitutazama akauliza kama tumekosea nyumba. Na kila mahali lazima aje mtu mmoja, mpole, mwenye tabasamu, aulize kama tunaujua ule wimbo unaopigwa kila harusi. Tunaujua. Hata gambusi linaujua, ukiliacha peke yake chumbani litaanza kuupiga.

Mwaka huu mwenzangu yumo darasa la kumi na mbili. Oman hilo si darasa, ni maradhi ya ukoo mzima. Matokeo yake ndiyo yanayosema utasoma nini na wapi, na jamaa wote wanapiga simu kuuliza hali. Mama yake, khalati yangu, anafanya kazi serikalini na anazungumza na kila mtu kama amechelewa kuleta karatasi. Akatukalisha jikoni.

"Mimi sijapata kukusikilizeni mwanzo mpaka mwisho," alisema. "Nasikia kupitia ukuta tu. Jumamosi shoga yangu wa Qurum ana mkusanyiko wa wanawake nyumbani kwake. Mtapiga pale, na mimi ntakaa nisikilize nyimbo zote. Nikiona ni kitu, endeleeni. Nikiona ni kelele, tari linapanda juu ya kabati mpaka mitihani iishe. Na baada ya mitihani kuna chuo, msijidanganye. Mmenifahamu?"

"Na gambusi, khalati?"

"Gambusi la babu yako lina heshima yake. We mwenyewe ndo ntakupandisha kabatini."

Nikacheka. Mwenzangu hakucheka. Nilidhani ana khofu.

Jumamosi baada ya alasiri tukafika Qurum. Sebule ile ungeweza kuegesha basi ndani na likageuka. Kina mama walikaa kufuata ukuta, watu wazima wa kwetu, mabuibui yao yana vito kuliko duka. Kahawa ilikuwa imeshapita, halwa imeshapita. Watu wakishashiba halwa huwa na huruma, kwa hiyo tulianza vizuri. Wimbo wa kwanza wakasema mashaallah. Wa pili mmoja akauliza kwa sauti, "Wa nani hawa?" na wote wakamwambia kwa pamoja. Wa tatu nikauona mguu wa khalati, aliyekaa mbele yetu mikono imefungwa kifuani, unatikisika. Alipoona nimeuona akauficha chini ya kochi.

Hapo ndipo tari lilipolegea.

Ngozi ya tari haipendi Maskati. Ule unyevu wa nje unaingia ndani yake, na ukilipiga linasema bup, bup, kama mtu anayekung'uta godoro. Kwa kawaida tunalikaza kwa mashine ya kukaushia nywele. Siku ile soketi ilikuwa nyuma ya kochi, na juu ya kochi amekaa bibi mmoja ambaye hata mwenye nyumba hakuthubutu kumsogeza. Mwenzangu akafanya kama walivyofanya wapiga ngoma tangu zamani, akatafuta moto. Akenda mpaka mlango wa jikoni, akamnong'oneza dada anayefanya kazi pale, mtu wa Tanga: "Dada, naomba chetezo chenye makaa."

Yule dada akaitikia haraka, kama aliyekuwa akingoja kuambiwa. Mimi nikawa najaza wakati, nawasimulia kina mama habari za binti wa sultani na jino lake. Mara dada akaingia. Mkono mmoja chetezo kinafuka moshi mzito, mkono wa pili sinia la marashi.

"Nimetia na bukhuri, mdogo wangu," akamwambia mwenzangu. "Ile ya wageni."

Kwetu mgeni hafukuzwi. Unamlisha, unamkatalia asiondoke, na wakati ukifika humwambii kitu, unamletea chetezo. Anafukiza nguo zake, anapaka marashi, anasimama. Kikishaingia chetezo, khalas, kikao kimekwisha. Hakuna anayefundishwa jambo hili, liko miguuni mwa watu. Na sisi wawili, tuliozaliwa ndani ya moshi huo, tulikuwa tumeagiza chetezo katikati ya nyimbo.

Yule bibi wa kochini, asiyeweza kusogezwa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka. Akapitisha moshi chini ya shela yake. "Haa, ndo mwisho? Walikuwa wazuri, lakini."

"Bado, bibi!" nikasema. "Huu moshi wa tari, si wenu!"

"Ahsante, mwanangu, tushatosheka."

"Kaeni, jamani! Bado mapema!"

Hapo ndipo nilipoharibu zaidi, maana hayo ndiyo maneno ambayo mwenyeji mwenye adabu hutakiwa kuyasema wageni wanapoinuka. Kila nilivyowasihi wakae ndivyo walivyozidi kunisifu na kutafuta viatu. "Tazama mtoto alivyolelewa," mmoja akamwambia mwenzake. Mwenye nyumba naye akasimama mlangoni akawa anaaga, afanyeje? Mama mmoja akanibusu huku na huku. "Habibti, Mungu akukuzeni. Siku nyingine mtupigie ule wa harusi."

Sebule ikabaki na vikombe. Khalati hakuondoka pale alipokaa.

Nikageuka kumtazama mwenzangu, nimejitayarisha kwa machozi. Alikuwa amekaa chini kwenye zulia karibu na chetezo, tari limeshapata moto liko mapajani, macho ameyafumba, mabega yameshuka kama ya mtu aliyevua mkoba wa skuli. Sikuufahamu uso ule wakati ule. Nikasema, "Angalau sasa limekaza." Yule dada alisimama mlangoni, mikono kwenye aproni, anajilaumu, mpaka mwenzangu akamwambia, "Dada, hukukosa kitu. Sisi ndo tuliosahau tuko wapi."

"Nilisema ntasikiliza zote," khalati akasema. "Pigeni."

Tukampigia zote zilizobaki, yeye na mwenye nyumba na yule dada. Tari lilikuwa linalia safi mpaka viganja vinauma. Mwenzangu aliimba kama sijapata kumsikia, bila haraka, kila neno akilimaliza. Kwenye wimbo wa mlinzi wa ngome khalati alifungua mikono yake akaiweka magotini, na safari hii hakuuficha mguu.

Ndani ya gari hakuwasha redio. "Haya," akasema, "ni kitu. Endeleeni. Ntazungumza na mwalimu wa hesabu, tubadilishe siku."

Nikapiga kigelegele mpaka gari la pembeni likatutazama.

"Mama, sitaki," mwenzangu akasema.

"Hutaki nini?"

"Kuendelea."

"We mtoto! Umenililia mwezi mzima, leo nimekubali..."

"Aliyelia ni huyu," akaninyooshea kidole gumba bila kugeuka. "Mimi nlikuwa nangoja ukatae. Nimechoka, mama. Naimba huku natazama zimebaki ngapi. Wale kina mama walipoinuka, wallahi, nlitamani kuinuka nao."

Nilikuwa na mzaha tayari. Ulifika mpaka kwenye meno ukarudi.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekwambia saa ngapi? Wewe hukai kimya." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuonyesha kuwa umevaa kandambili za mwenzio.

Nikazitazama ncha za vidole vyangu, ngumu na zenye michirizi ya nyuzi. Nilikuwa nimechoka na mimi, nimechoka vibaya sana, lakini uchovu wangu ulitaka usingizi tu. Wake ulitaka kuacha. Tulikuwa tumeubeba pamoja kwenye mahameli ile ile na sikujua kuwa si mmoja.

Kabla hatujafika Hamriya alikuwa ameshalala, mdomo wazi, joho amelikunja chini ya shingo. Khalati akapunguza mwendo karibu na mlango wetu, na mwenzangu akajigeuza. Tangu mdogo, gari likisimama tu huamka.

Khalati akanitazama kwenye kioo. "Una haraka?"

"Sina."

"Na wewe utafanyaje sasa? Utapiga peke yako?"

"Sijui, khalati."

Akaitikia kwa kichwa. Akapita mlango wetu, akapita duka la vitambaa na duka la simu, akageuza kwenye mzunguko, akarudi njia ile ile pole pole, na tulipofika tena kwetu akapita tena.