Nilizifuta nyimbo zote za Papa Anselme, mpiga blues wa parking ya Morningside

Wakuu, amani kwenu. Hili limenikuta juzi tu hapa Durban, na naliandika kama lilivyo, sitatia chumvi.

Mimi ni Mtanzania, fundi simu. Mbele ya duka langu kuna parking, na Papa Anselme, mzee wa Kikongo, alilinda magari pale miaka mingi.

Magari yakipungua anashika gitaa lake. Ole wako umwambie "papa, rumba tamu hiyo". Anakuja juu: "Hii ni blues! Rumba njo ya kucheza, hii iko ya kulia."

Mwaka jana akaniletea simu, haiingizi chaji. "Fiston," ndivyo alivyoniita, yaani mwanangu, "unichungie, iko na mambo yangu."

Nikaitengeneza siku hiyo hiyo. Hakurudi.

Mafundi mnajua utaratibu wetu. Simu ikikaa miezi mitatu bila mwenyewe, tunafuta kila kitu, tunauza. Tangazo nimebandika ukutani kabisa. Nikaiflash, nikaiuza. Nilijua mzee kahamia Cape Town, maana huku watu wanahama bila kuaga.

Sasa juzi akaingia dada mmoja, Furaha, katoka Bukavu. Binti wa Papa Anselme. Akasema papa alilazwa ghafla, akafia huko huko hospitali.

"Minatafuta simu yake. Alituambiaka iko kwako. Njo mule alirekodi nyimbo yake yote, ingine hatuna."

Mzee hakuwahi kuingia studio hata siku moja. Kazi ya maisha yake yote ilikuwa mle, na mimi niliifuta huku nakula chipsi.

Nikamwambia ukweli. Bora angenitukana. Akaniuliza tu: "Wewe ulimusikiaka kila siku. Iliimbwaka namna gani?"

Nilijaribu kuimba. Miaka yote ile mzee anapiga mlangoni kwangu, nimekumbuka wimbo mmoja, tena nusu! Nimejiona mtu wa ovyo sana.

Furaha akatoa simu yake akanirekodi hivyo hivyo, sauti inakwaruza, machozi yananitoka. Akaisave kwa jina la baba yake.

Mafundi wenzangu, kabla hujaflash simu ya mtu, mtafute kwanza. Ukimkosa, fanya backup. Mimi lile tangazo nimeling'oa.

Na kama uliwahi kupaki pale ukamrekodi, hata sekunde kumi, tafadhali weka hapa chini. Sitaki wajukuu zake wamjue kwa sauti yangu.